Kanisa Kuu ni kanisa gani? Maana yake kwa kuitazama Tabora

Watu wengi, wakiwemo waamini waliobatizwa utotoni, hudhani kwamba neno "kuu" katika Kanisa Kuu linahusu ukubwa wa jengo. Mgeni akishuka stesheni ya Tabora na kuelekezwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia, hutarajia kukuta jengo linaloyazidi mengine yote kwa urefu na upana. Kwa kweli ukuu huo hautokani na kuta. Kanisa Kuu ni kanisa ambamo kimewekwa kiti cha askofu wa jimbo, ambacho kwa Kigiriki huitwa kathedra, na ndiko lilikotoka jina kathedrali. Kanisa dogo la mabati lenye kiti hicho ni Kanisa Kuu, na kanisa la parokia lisilo nacho haliwi Kanisa Kuu, hata likijaa maelfu ya waamini kila Jumapili.

Kiti hicho ni alama ya mamlaka ya askofu ya kufundisha, kutakasa na kuongoza. Kwa sababu hiyo sheria ya Kanisa inahimiza askofu mpya aanze rasmi utume wake katika Kanisa Kuu, mbele ya mapadre na waamini wake. Humo pia, katika Juma Kuu, huadhimishwa Misa ya Krisma, ambapo askofu akizungukwa na mapadre wake hubariki mafuta na kuiweka wakfu Krisma, yaani mafuta matakatifu yenye manukato, kisha mafuta hayo husambazwa parokiani kote. Hivyo mtoto anayebatizwa katika kigango cha mbali kabisa hupakwa mafuta yaliyotoka katika Kanisa Kuu ambalo huenda wazazi wake hawajawahi kuliona. Binafsi naona hakuna jambo linaloeleza maana ya Kanisa Kuu vizuri kuliko hilo. Askofu akifariki au akihamishwa, husemwa kwamba kiti kiko wazi, na padre anayeliongoza jimbo kwa muda hakikalii.

Basi, Kanisa Kuu haliwezi kueleweka bila jimbo, na hapa historia ya Tabora inafundisha mengi. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walituma msafara wao wa kwanza bara mwaka 1878. Walitoka Bagamoyo kwa miguu kwa njia ileile ya misafara ya biashara, wakampoteza njiani Padre Pascal, mkuu wa kundi lililokuwa likienda Ziwa Tanganyika, na hatimaye wakafika Tabora. Hapo waligawanyika: wengine walielekea ziwa Nyanza, yaani Viktoria, hadi Uganda, na wengine walishika njia ya Ujiji, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1879. Kwa hiyo Tabora, kabla haijawa makao ya askofu yeyote, ilikuwa njia panda ya uinjilishaji kama ilivyokuwa njia panda ya pembe na chumvi.

Mwaka 1887 eneo hili liliundwa kuwa Vikarieti ya Kitume ya Unyanyembe, likichukua jina la utemi wa Wanyamwezi, na mwaka 1925 likaitwa Vikarieti ya Tabora. Vikarieti si jimbo kamili. Ni eneo la misheni linaloongozwa na askofu kwa niaba ya Papa, naye huyo askofu hupewa kwa heshima jina la jimbo la kale lililokwisha kufifia, kwa kuwa mahali anapofanyia kazi bado hapana kiti chake mwenyewe. Askofu François Gerboin, kwa mfano, aliongoza Vikarieti ya Unyanyembe hadi alipofariki mwaka 1912, akiwa na makao Ushirombo, mbali sana na mji wa Tabora. Kwa maana kamili ya neno, basi, Unyanyembe ilikuwa na askofu lakini haikuwa na Kanisa Kuu.

Hali hiyo ilibadilika tarehe 25 Machi 1953, Papa Pius XII aliposimika mfumo kamili wa majimbo katika Tanganyika. Tabora na Dar es Salaam zikawa Majimbo Makuu, na Kigoma, iliyokuwa vikarieti tangu mwaka 1946, ikawa jimbo. Askofu Mkuu wa kwanza wa Tabora alikuwa Cornelius Bronsveld, akafuatiwa mwaka 1960 na Marko Mihayo.

Neno "kuu" katika Jimbo Kuu nalo hueleweka vibaya. Askofu Mkuu wa Tabora si bosi wa maaskofu wa Kigoma, Kahama na Mpanda, ingawa majimbo hayo yako katika kanda yake. Kila askofu analiongoza jimbo lake kwa mamlaka yake mwenyewe, na Papa ndiye anayemteua na kumhamisha. Askofu Mkuu huangalia tu kwamba imani na nidhamu ya Kanisa vinatunzwa katika kanda, na alama ya wajibu huo ni pallio, kitambaa cha sufu anachovaa mabegani.

Ukaribu wa majimbo hayo umeonekana katika viti vyenyewe. Paulo Ruzoka alitoka Kigoma mwaka 2006 kuja kuwa Askofu Mkuu wa Tabora, na Protase Rugambwa, aliyemfuata Kigoma, akamfuata pia Tabora mwaka 2023, baada ya Papa Fransisko kumfanya Kardinali tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Furaha ilikuwa kubwa, na wengine walisema kiti cha Tabora kimepanda cheo. Lakini ukardinali amepewa yeye, na kanisa analokabidhiwa kwa heshima kila Kardinali pamoja na cheo hicho liko Rome. Kiti kilichomo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia kimebaki kilekile cha Askofu Mkuu wa Tabora alichokalia Mihayo.