Seli za mmea zikinenepa tu, rangi husahau

Watu wengi wakisikia tishu kalcha (kukuza seli au vipande vya mmea maabara) wanawaza miche ya migomba basi, lakini seli za mmea unaweza kuzikuza ndani ya tenki zikakutengenezea rangi bila kugusa udongo, na Wajapani walishalifanya hilo kibiashara tangu miaka ya 1980. Kampuni ya Mitsui Petrochemical ilichukua seli za mmea wa Lithospermum erythrorhizon, ambao mizizi yake ina rangi nyekundu ya kuelekea zambarau inaitwa shikonini, rangi ikavunwa tenkini mpaka ikaingia kwenye lipstiki za Kanebo. Shambani mizizi hiyo unaisubiri miaka, tenkini ni kama wiki tatu hivi!

Sasa ujanja wao ulikuwa huu, tenki mbili. Ya kwanza seli zinalishwa zizaliane tu, rangi hamna. Ya pili chakula kinabadilishwa, amonia (aina moja ya chakula chenye naitrojeni) inatolewa kabisa, naitrojeni inabaki ile ya naitreti, aina nyingine, na madini ya shaba yanaongezwa kidogo, hapo ndo wekundu unatoka. Amonia ikibaki seli zinaongezeka vizuri tu ila zinabaki nyeupe, na mimi hiki ndo kitu napenda watu wakielewe maana wengi wanadhani seli zikikua haraka na rangi inakuja nyingi, hapana jamani, mara nyingi vinapishana.

Halafu kuna homoni. 2,4-D, hiyo hiyo mnayopulizia magugu kwenye mahindi, maabara tunaitumia kidogo sana kuamsha seli zigawanyike, lakini kwa shikonini inazima rangi. Mwanga nao unazima, hasa wa bluu, kwa hiyo seli hizi zinakaa gizani.

Ila usikariri! Seli za zabibu au karoti zinazotoa anthosayanini (kundi lile lile la rangi ya juisi ya rozela) zenyewe zinataka mwanga, na ukizidisha sukari huku ukipunguza naitrojeni zinakolea zaidi. Kila mmea na tabia yake.

Na hata mkipatia yote, seli zikihamishwa chupa kwa chupa muda mrefu zinaweza kupauka, ndo maana kila tukihamisha tunachagua vibonge vya seli vilivyokolea kwa macho kabisa, vile vyeupe tunaviacha. Wanafunzi mnaokuza seli za rangi, chupa ikipauka msikimbilie kuitupa, angalieni kwanza taa, 2,4-D na amonia.