Je, Wajua? Manyoya ya Kiwavi wa Aktiki Si Kinga ya Kuganda

Kaskazini kabisa mwa Kanada, katika Kisiwa cha Ellesmere, na vilevile ng'ambo ya bahari huko Greenland, huishi kiwavi mnene wa rangi ya hudhurungi ambaye wataalamu humwita Gynaephora groenlandica. Ni wa kundi la nondo ambao viwavi wao huota vishungi vya nywele mgongoni, kundi lenye jamaa wengi hata barani Afrika, wakiwemo wale ambao mtoto akiwagusa tu huanza kujikuna. Huko anakoishi, jua halichomozi kwa miezi kadhaa ya majira ya baridi, na theluji hufunika ardhi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtu akiambiwa hayo, kisha akaonyeshwa manyoya ya kiwavi huyo yalivyosongamana, hufikia jibu upesi: manyoya ndiyo yanayomkinga asigande.

Jibu hilo si sahihi, na inafaa kulichambua taratibu kwa sababu kosa lake limejificha. Manyoya hayatengenezi joto. Kazi yake ni kulichelewesha lile lililopo lisitoke haraka. Mbweha wa Aktiki hunufaika na manyoya yake kwa kuwa mwili wake huzalisha joto usiku na mchana kutokana na chakula, hata katikati ya majira ya baridi. Kiwavi hana tanuri la namna hiyo. Miezi yote hiyo hali chochote wala hatembei, na joto linalozalishwa na mwili wake ni dogo mno. Akikaa mahali penye nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, manyoya yatachelewesha mambo kwa muda mfupi tu, kisha mwili wake utakuwa na ubaridi uleule wa jiwe lililo kando yake. Hata yangekuwa marefu mara kumi, yangemwongezea muda wa kuhesabika, si miezi tisa au kumi anayohitaji. Wala theluji inayomfunika haitoshi: hupunguza makali ya upepo na ya baridi, lakini haiwezi kuuzuia mwili wake kushuka chini ya kiwango cha kuganda.

Kwa hiyo kiwavi huganda. Barafu hujitengeneza ndani ya mwili wake, naye huwa mgumu asiyepindika. Imekadiriwa kwamba takriban asilimia 90 ya maisha yake hupita akiwa katika hali hiyo, na viwavi wa aina hii wamevumilia hadi nyuzi 70 chini ya sifuri wakaamka.

Swali la haki, basi, ni kwa nini barafu haimuui. Kila aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza anaijua hatari yenyewe. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kwa kuwa chupa imejaa na imefungwa, hupasuka. Mwili wa kiwavi umejaa chupa ndogo zisizohesabika, yaani seli, na barafu ikianzia ndani ya seli, kwa kawaida seli hiyo huharibika. Siri ya kiwavi ni kwamba barafu yake huanzia nje ya chupa, katika majimaji yaliyo kati ya seli na seli. Barafu inapokua huchukua maji matupu na kuziacha chumvi nyuma, hivyo majimaji yanayobaki huzidi kuwa mazito. Kuta za seli hupitisha maji, tofauti na kioo cha chupa, na maji huelekea kule kwenye uzito zaidi. Ndiyo maana maji ya ndani hutoka polepole na kwenda kugandia nje, nayo chupa, badala ya kupasuka, husinyaa.

Hapo huzuka hatari ya pili, kwa maana chupa inayosinyaa kupita kiasi nayo hufa. Kabla ya baridi kali kuingia, kiwavi hujaza mwilini gliseroli, ambayo madukani huuzwa kwa jina la glisirini kwa ajili ya kulainisha ngozi, pamoja na betaini. Vitu hivi huyashikilia maji, hivyo kiasi fulani hubaki ndani ya seli bila kuganda, na kule kusinyaa hukoma kabla ya kufikia ukomo. Jambo la ajabu zaidi, walau kwa maoni ya mwandishi, ni kwamba baridi inapokaribia kiwavi huzivunjavunja mitokondria zake nyingi, yaani mitambo midogo ya kuzalisha nishati ndani ya seli, kisha huzijenga upya joto linaporudi.

Ikiwa mambo ni hayo, manyoya ni ya nini? Ni ya majira ya joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba kiwavi huyu hutumia karibu asilimia 60 ya muda wake wa kuwa macho akiota jua, asilimia 20 akila na asilimia 20 akitembea. Hujipanga ubavu dhidi ya jua, na kwa kuwa mwezi Juni jua la huko halizami, huweza kugeuka nalo saa zote. Mwili wake hupata joto la kufikia nyuzi 30 hata hewa ikiwa na baridi kali, na hapo ndipo manyoya yanapofanya kazi, kwa sababu sasa lipo joto la kuhifadhi: upepo unapopita, hewa iliyopata joto kati ya nywele haipeperushwi kirahisi. Bila joto hilo chakula kisingesagika vizuri. Chakula chenyewe ni hasa majani machanga ya Salix arctica, mti usiosimama bali hutambaa ardhini.

Karamu hiyo ni fupi kuliko inavyotarajiwa. Mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, jua likiwa bado linawaka, kiwavi huacha kula, hujisokotea kibanda cha hariri na kutulia humo hadi agande. Maelezo mawili hutolewa, na huenda yote yana nafasi: majani hupungukiwa na virutubisho na kuongeza kemikali za kujilinda, na wakati huohuo nyigu na nzi wanaotaga mayai kwa viwavi huwa wametoka kuwinda.

Kwa mwendo huo ukuaji huchukua miaka. Mwaka 1987 Olga Kukal na Peter Kevan walikadiria kwamba maisha yake ni ya miaka 14, na idadi hiyo ingali inazunguka kila mahali, pengine kwa sababu inapendeza kuitaja. Mwaka 1998 Dean Morewood na Richard Ring walionyesha kwamba kiwavi hupitia hatua saba, akijivua ngozi mara moja kwa mwaka, hivyo mzunguko wake ni wa miaka 7. Ni nusu tu ya ile ya awali, ingawa bado ni mingi kwa mdudu ambaye ndugu zake wa nchi za joto huimaliza safari hiyohiyo kwa wiki kadhaa.

Baada ya hapo mambo huenda mbio. Katika kiangazi kimoja kiwavi hujisokotea kifuko cha tabaka mbili zenye hewa katikati, ambacho nacho hunasa joto la jua, hugeuka nondo, hujamiiana na kufa. Nondo huyo hali kabisa. Jike ana mabawa lakini huruka kwa nadra, na mara nyingi hutaga mayai yake juu ya kifuko kilekile alichotokea.