Gesi haingoji moto ili ipate ioni

Sentensi moja inanichosha kila ninapokutana nayo: "Gesi ikipashwa joto sana, inakuwa plazma", yaani gesi yenye ioni na elektroni huru. Mwandishi anaishia hapo, kana kwamba njia ni hiyo tu. Sasa gusa tyubu laiti iliyowaka nusu saa. Kioo ni vuguvugu, nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Ndani yake elektroni zina jotoridi la karibu kelvini 11,000. Mambo hayo mawili ni kweli kwa wakati mmoja ndani ya gesi ile ile, na anayeng'ang'ania moto hawezi kuyaeleza.

Kuionisha ni kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu au molekuli, ambayo hubaki na chaji na kuitwa ioni. Gharama yake, kwa elektrovolti (kipimo cha nishati ya chembe), inajulikana: oksijeni 12.1, naitrojeni 15.6, agoni 15.8, heliamu 24.6. Molekuli haiulizi nishati hiyo imeletwa na nani. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, inatosha, chembe yenye kasi inatosha, elektroni iliyosukumwa na umeme inatosha. Joto nalo linatosha, ila ni njia ya gharama kubwa, kwa sababu elektrovolti 1 ni sawa na kelvini 11,600. Ukikokotoa kwa mlinganyo alioutoa mwanafizikia wa Uhindi Meghnad Saha mwaka 1920, uso wa Jua wenye kelvini 5,800 unakupa takriban atomu 1 tu ya hidrojeni iliyoionishwa katika kila 10,000. Huo ni uso wa Jua!

Ionosfia, sehemu ya juu ya angahewa yenye ioni, sitakaa nayo sana. Kazi kubwa huko inafanywa na fotoni za urujuanimno na eksirei. Kwenye kilomita 300 hivi, mchana, chembe yenye chaji ni kama 1 kwa kila 1,000. Jua likizama, tabaka la chini kabisa hufifia upesi kwa kuwa hewa yake ni nzito na elektroni zinanaswa tena. Tabaka hilo ndilo linalomeza mawimbi ya redio mchana, ndiyo maana redio ya mawimbi ya kati inasikika mbali usiku.

Jambo ambalo watu hulipita mbio ni umbali ambao elektroni hukimbia kabla ya kugonga kitu. Katika hewa ya kawaida umbali huo haufiki maikromita 1. Hata kwenye uga wa umeme wa volti milioni 3 kwa mita, elektroni haijapata hata elektrovolti 3 imeshagonga molekuli. Zinazoionisha ni zile chache zilizobahatika kupenya bila kugonga vibaya. Ifunge hewa ndani ya bomba, punguza shinikizo kwa pampu hadi paskali 100, na njia hiyo inarefuka mara 1,000. Kwa hiyo elektrodi mbili, yaani vipande vya chuma vinavyoleta umeme, zilizoachana sentimita 10, ambazo katika hewa wazi zingedai zaidi ya volti 200,000, sasa zinawaka kwa volti zisizofika 1,000.

Hapo ndipo wengi huharibu. Wanaona pampu imesaidia, wanaendelea kupampu. Kwa hewa na nafasi hiyo ya sentimita 10, volti za chini kabisa ni kama 330, karibu na paskali 7.5. Ukishuka zaidi, elektroni inavuka bomba zima bila kukutana na molekuli, na volti zinazohitajika zinapanda ghafla. Mtu anaongeza umeme, katikati ya elektrodi hakuna kitu, lakini mng'ao unatokea nyuma ya elektrodi, ndani ya bomba la mpira linaloenda kwenye pampu. Vifaa ni vizima. Umeme umechagua njia ndefu, kwa sababu kwa shinikizo hilo njia ndefu ndiyo rahisi. Punguza kasi ya pampu, ruhusu hewa kidogo, utaona mng'ao unarudi mahali pake.

Weka pia kizuizi cha kilo-omu 100, wati 10, mfululizo na bomba. Gesi ikishawaka, kila elektroni inazaa nyingine, na mkondo hauna breki. Choki, ile koili kwenye tyubu laiti, inafanya kazi hiyo hiyo. Na volti hizi zinaua: zima, toa chaji kwenye kapasita, ndipo uguse.

Lakini elektroni ya kwanza inatoka wapi? Taa ndogo ya neoni, kama ile ya ndani ya testa ya fundi umeme, ikikaa gizani inaweza kuchelewa kuwaka ingawa volti zinatosha. Imulike kwa tochi, inawaka. Mwanga unang'oa elektroni kwenye chuma. Pasipo mwanga, inangoja miale ya kosmiki (chembe zenye kasi zinazotoka nje ya Dunia) au mionzi ya ardhini, ambayo huzaa jozi chache tu za ioni kwa sekunde katika sentimita moja ya ujazo. Mwaka 1912 mwanafizikia Victor Hess alipanda na puto zaidi ya mita 5,000 na kukuta uionishaji huko juu ni mkubwa kuliko ardhini, ndipo ikajulikana kwamba sehemu yake inatoka nje ya Dunia.

Radi ndiyo inayotuaibisha. Uga unaopimwa ndani ya mawingu kwa kawaida ni kama sehemu ya kumi ya ule unaohitajika kuivunja hewa, yaani kuifanya ipitishe umeme. Wapo wanaosema ncha za barafu na matone hukuza uga mahali padogo. Wapo wanaotaja elektroni zenye kasi kubwa zinazoanzishwa na miale ya kosmiki. Mimi naegemea barafu, ila hesabu haijafungwa, na vitabu vinavyochora wingu lenye alama za kujumlisha na kutoa kisha mshale kwenda chini vinaficha swali zima. Kinachojulikana ni mpangilio: kwanza hupita vijito vya elektroni katika hewa ambayo bado ni baridi, kisha mkondo unaipasha joto njia unayopita. Kelvini 30,000 hivi za radi inayopiga usiku juu ya Ziwa Victoria hufika wakati hewa imeshaionishwa.