Cheti cha kutazama si cheti cha ubingwa

Malindi utasikia: "Mpeleke mwanao kwa daktari yule, amesomea vyuma vya meno ng'ambo, cheti kiko ukutani." Kisome hicho cheti. Kikisema alihudhuria kama mtazamaji, basi alisimama kando ya kiti akiangalia mabingwa wa kunyoosha meno wakikaza waya. Kwa kawaida mtazamaji haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Ulaghai haupo hapo, na daktari makini hufaidika.

Ubingwa wenyewe huchukua takriban miaka 2 hadi 3 baada ya shahada ya udaktari wa meno. Jino husogea kwa kuwa mfupa huliwa upande linakosukumiwa na kujengeka upande linakotoka, polepole, miezi kwa miezi. Nguvu ikizidi, mzizi waweza kufupika. Wiki mbili za kutazama hazikuonyeshi hilo. Muulize tu daktari: ubingwa umesajiliwa?