Kwa nini aina moja ya muziki huweza kutawala chati nzima?

Abiria wa daladala jijini Mwanza, kutoka Buzuruga kwenda Nyegezi, anaweza kusikia bongo fleva, amapiano, singeli na nyimbo za Kisukuma katika safari moja. Akifungua simu na kutazama chati ya nyimbo zinazoongoza, mara nyingi mchanganyiko huo hauoni, kwa kuwa aina moja au mbili zimeshika karibu nafasi zote za juu. Jibu la haraka ni kwamba hiyo ndiyo aina inayopendwa na wengi. Jibu hilo lina ukweli, ila ni pungufu mno, kwa sababu chati haipimi mapenzi ya watu. Huhesabu matendo fulani yaliyochaguliwa na mwenye chati, kwa kanuni alizoziweka yeye, na kanuni zikibadilika, muziki unaotawala unaweza kubadilika hata kama hakuna msikilizaji hata mmoja aliyebadili anachokipenda.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Marekani. Jarida la Billboard, lililoanzisha chati ya Hot 100 mwaka 1958, kwa miongo kadhaa lilijua mauzo kwa kuwauliza wenye maduka ni santuri na kanda zipi zilizotoka sana wiki hiyo. Muuzaji alijibu kwa kumbukumbu, kwa makadirio, na wakati mwingine kwa upendeleo. Mei 1991 chati ya albamu ilianza kutumia SoundScan, mfumo uliosoma alama ya mistari kwenye jalada kila bidhaa ilipouzwa, na Novemba mwaka huohuo Hot 100 ikafuata. Matokeo yalionekana mara moja: mwezi Juni albamu ya N.W.A, kundi la hip hop la California, ilishika nafasi ya kwanza, na Septemba albamu ya Garth Brooks, mwimbaji wa kantri, ikaingia moja kwa moja kileleni. Mashabiki wa hip hop na kantri walikuwepo siku zote wakinunua muziki wao. Sasa walikuwa wamehesabiwa. Watafiti waliochambua takriban nyimbo 17,000 za Hot 100, za kati ya 1960 na 2010, waliona mapinduzi matatu ya mitindo, ya 1964, 1983 na 1991, na la mwisho, lililoletwa na hip hop, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Hata hivyo, kwa kuwa linaangukia mwaka uleule ambao hesabu yenyewe ilibadilika, si busara kulichukua lote kuwa badiliko la ladha.

Mtandao umeongeza jambo jingine. Zamani aliyenunua kanda alihesabiwa mara moja tu, hata kama aliisikiliza kila siku mwaka mzima. Leo kila usikilizaji una hesabu yake, na Spotify, kwa mfano, huuhesabu wimbo uliochezwa kwa angalau sekunde 30. Aina yenye vijana wanaorudia wimbo kutwa nzima hupata uzito unaozidi idadi ya mashabiki wake. Wakati huohuo, kwenye kibanda cha kujaza nyimbo, kijana huchomeka memori kadi ya mteja kwenye kompyuta na kunakili folda nzima ya nyimbo za Kisukuma, ambazo zitapigwa miezi na miezi kwenye redio ndogo iliyofungwa kwenye bodaboda bila usikilizaji hata mmoja kufika kwenye chati ya mtandaoni.

Lakini hesabu peke yake haielezi kwa nini anayetangulia huzidi kutangulia. Hapo wakazi wa Mwanza wana mfano wa karibu, nao ni Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa. Makundi mawili hasimu ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza ngoma kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, watazamaji wako huru kwenda upande wowote, na anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Mgeni anayeingia uwanjani hawaoni wachezaji, kwa sababu wamezungukwa. Anachokiona kwanza ni migongo ya watu. Huelekea penye migongo mingi, na kwa kufika kwake anaongeza mgongo mmoja utakaoonwa na atakayemfuata. Tofauti ya watu wachache asubuhi inaweza kuwa tofauti ya mamia ifikapo alasiri, bila ngoma yenyewe kuwa bora kwa kiwango hicho.

Watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walilijaribu jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Washiriki zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine hawakuonyeshwa chochote zaidi ya majina. Wengine waligawanywa katika viwanja 8 visivyoonana, kila kimoja kikionyesha idadi ya waliokwisha kupakua kila wimbo. Penye idadi, pengo kati ya washindi na walioshindwa lilipanuka, na washindi wenyewe walitofautiana: wimbo mmoja uliongoza katika kiwanja kimoja na kuwa wa 40 katika kingine. Nyimbo bora sana ni mara chache zilizama, na mbaya sana ni mara chache zilipanda. Zilizobaki katikati zingeweza kuangukia popote.

Jaribio hilo lilipima nyimbo, si aina za muziki, kwa hiyo hatua ya kutoka kwenye wimbo hadi kwenye aina inahitaji uangalifu. Hata hivyo hatua hiyo ina mantiki, kwa sababu watayarishaji huiga kilichoongoza wiki iliyopita, na programu za kusikilizia muziki humpendekezea mtu kinachofanana na alichokwisha kusikia. Wala utawala haudumu. Oktoba 2025, kwa mara ya kwanza tangu 1990, Hot 100 ilikosa wimbo wa hip hop katika 40 bora, muda mfupi baada ya Billboard kukaza kanuni ya kuziondoa nyimbo zilizokaa muda mrefu, na wimbo wa Kendrick Lamar na SZA ulikuwa miongoni mwa zilizoondolewa.