Maana ya kufubaza virusi vya UKIMWI

Katika Kiswahili cha kila siku, kufubaa ni kupoteza mng'ao au nguvu. Khanga iliyofuliwa na kuanikwa juani kwa miaka mingi hufubaa, na uso wa mtu aliyeugua kwa muda mrefu hufubaa pia. Kutokana na kitenzi hicho tumepata neno kufubaza, ambalo nchini Tanzania hutumika kueleza kazi ya dawa za ARV, nami naliona ni neno lililochaguliwa kwa uangalifu, kwa sababu halidai kwamba dawa hizo huponya.

Virusi vya UKIMWI, yaani VVU, huingia ndani ya seli za CD4 zinazoongoza kinga ya mwili, huzaliana humo, kisha huziharibu. ARV huzuia kuzaliana huko. Mtu anayemeza dawa kila siku bila kuruka huona wingi wa virusi katika damu yake ukishuka mwezi hadi mwezi, na kwa kawaida hupimwa baada ya miezi sita. Nakala za virusi zikiwa chini ya 1,000 katika mililita moja ya damu, virusi huhesabiwa kuwa vimefubazwa. Zikishuka chini ya 50, kwa kawaida husemwa kwamba havionekani. Utafiti wa PARTNER, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 na 2019, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja wao alikuwa na VVU vilivyofubazwa hadi chini ya nakala 200 na hawakuwa wakitumia kondomu kila wakati, na haukukuta hata mwenza mmoja aliyeambukizwa na mpenzi wake huyo. Kwa mama mjamzito pia, dawa hupunguza sana uwezekano wa kumwambukiza mtoto.

Hata hivyo, mfano wa khanga una mpaka wake. Khanga iliyofubaa hairudishi rangi, lakini virusi hurudisha nguvu, kwa kuwa baadhi yao hujificha ndani ya seli ambako dawa haivifikii, na mtu akiacha vidonge huanza kuzaliana upya ndani ya wiki chache. Ndiyo maana watoa huduma husisitiza ufuasi mzuri wa dawa hata kwa mtu anayejisikia mzima kabisa.

Pamoja na hayo, hakuna kinachoweza kufubazwa kabla hakijajulikana. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2022 hadi 2023 ulionesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, takriban asilimia 83 walikuwa wakijua hali zao. Kati ya hao waliojua, asilimia 98 walikuwa wakitumia dawa, na kati ya waliotumia dawa, asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Kwa hiyo pengo kubwa haliko kwenye dawa wala kwa wanaozitumia. Liko kwa ndugu zetu ambao hawajapima, na hilo linaniuma, kwa sababu kipimo chenyewe ni kifupi mno: kidole huchomwa, tone la damu huwekwa kwenye kitepe pamoja na matone ya kimiminika, na baada ya robo saa au dakika 20 mistari husomwa. Kama virusi vinaonekana kuwepo, jibu huthibitishwa kwa kipimo kingine kabla mtu hajaambiwa kuwa anavyo.

Hofu ya kupima tumeirithi kutoka enzi nyingine. Kabla ya mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa ARV bila malipo, wengi waliopima walirudi nyumbani na jibu bila kidonge. Hata dawa zilipopatikana, mgonjwa alisubiri kwanza CD4 zake zishuke. Tangu mwaka 2016 anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri hilo, mara nyingi siku ileile, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kijana kuanzia miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Anayejipima nyumbani na kukuta dalili ya maambukizi anapaswa kwenda kituoni kuthibitisha. Na aliyekuwa katika hatari siku za karibuni, hata akiambiwa hana virusi, arudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mwili huhitaji muda kabla maambukizi mapya hayajaonekana kwenye kipimo.