Nani anaipiga nyota eksirei?

Wiki iliyopita nilikaa barazani Ngamiani, mkono umefungwa plasta ngumu baada ya bodaboda kunimwaga, na picha ya eksirei iko kwenye bahasha pembeni yangu. Katika kupiga soga nikataja darubini za eksirei. Mzee muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. "Mwanangu, hiyo mashine ya kuipiga nyota eksirei ina nguvu kiasi gani?"

Haipigi kitu, mzee wangu. Hospitali mashine ndiyo inayotoa mionzi, ikapita mkononi mwangu, ikanaswa upande wa pili. Angani mionzi inatoka kwenye vitu vyenyewe, darubini kazi yake ni kupokea. Na kuipokea si mchezo: ikikigonga kioo wima, inazama humo humo. Ndiyo maana vioo vyake hulazwa ili mionzi ivipitie kwa kuparuza, kama kigae tunachokirusha ubapa pale Raskazone kikadunda juu ya maji.

Kijana mmoja akadakia: si waziweke Usambara, juu kule? Haisaidii, hata Kilimanjaro. Hewa yetu inaimeza mionzi hiyo kabla haijatufikia, na ni heri yetu. Ndiyo maana darubini hizi hupelekwa angani: Chandra, darubini ya eksirei ya Wamarekani iliyorushwa mwaka 1999, huzunguka mbali hadi zaidi ya theluthi ya njia ya kwenda mwezini.

Dhana iliyonoga zaidi ililetwa na simu. Kuna sauti inazunguka WhatsApp, inanguruma kama jini, eti ni "shimo jeusi linalia", yaani kile kitu cha angani chenye mvutano mkali hata nuru haichomoki. Wengine wanaipinga kabisa: angani ni patupu, sauti ipite wapi? Wote wamekosea, ila wapinzani wamekosea zaidi. Kundi la galaksi (kila galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota) liitwalo Perseus, lililo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 240, limejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo ni nyembamba kuliko ombwe lolote la maabara, lakini kwa ukubwa wa eneo lake, ukiijumlisha yote inazishinda kwa uzito nyota zote za galaksi za humo. Macho hayaioni. Kwenye eksirei inawaka.

Katikati ya kundi hilo kuna galaksi hai, yaani ambayo kitovu chake kinachemka kwa nguvu, NGC 1275. Shimo jeusi lake halifyonzi tu kama wasemavyo watu. Gesi inayolizunguka inasuguana, inapata moto na kung'aa kabla ya kutumbukia, na nyingine hutemwa nje kwa kasi kubwa. Mitemo hiyo inapuliza mapovu ndani ya gesi ya kundi na kuitia mawimbi. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza kuyaona kwa Chandra: ni sauti kweli, ila wimbi moja huchukua takriban miaka milioni 10. Ipo oktava 57 chini ya sauti ya katikati ya kinanda, na kila oktava ukishuka mitetemo inapungua nusu. Besi gani ya taarabu itafika huko? Ile ya WhatsApp imepandishwa mara nyingi mno ndipo masikio yetu yakaipata.

"Mambo ya Wazungu hayo," mzee akasema, akinimiminia kikombe.

Nikamwambia setilaiti ya kwanza ya kazi hii iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya Wamarekani, ikarushwa na Waitaliano tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi yanatoa eksirei.

"Malindi hii hii?"

"Hii hii."

Akaniongezea kashata.